Maneno ya Mama Niliyorudi Nayo kutoka Dubai

Kaka Paskali,

Barua ya mdogo kwa mkubwa wake huanza na shikamoo. Hii haina. Usidhani nimepitiwa, na usiitafute huko chini. Nakuandikia waziwazi, na ndugu wote nimewaambia waisome, kwa sababu wewe unapenda sana mambo yako yaonekane. Haya, na haya nayo yaonekane.

Unaikumbuka siku mama alipotutuma Mbulu mjini kuuza mayai? Mimi nilikuwa darasa la pili, wewe la sita. Mvua ikatukuta, nikajibanza kwenye baraza la duka, miguu ina tope mpaka magotini. Mwenye duka akatoka na fagio, eti nachafua sakafu. Ukaweka kapu chini ukasimama mbele yangu, mwembamba hivyo hivyo, sweta limetoboka viwiko, ukamwambia, "Huyu ni mdogo wangu. Ukimfukuza, tufukuze wote." Tulifukuzwa wote. Tukarudi nyumbani Maretadu tumeloa chapachapa, na njia nzima mimi nilikuwa naringa kwa sababu nina kaka.

Ndiyo maana mama alipougua niliendelea kukutetea. Wajomba walisema hutatoka Dubai kuja, nikawaambia nyie hamumjui Paskali. Mama kila akisikia pikipiki barabarani alikuwa ananiomba nimwinue kwenye mto aone ni nani. Hukuja akiwa mgonjwa, na hukuja kumzika. Ulituma sauti, ikachezwa kwenye spika mbele ya waombolezaji: "Kazi imebana, lakini tuko pamoja kiroho." Kiroho! Wiki hiyohiyo, mama akiwa bado hajakata roho, ulikuwa umeweka picha uko kando ya bwawa la kuogelea, miguu juu, juisi mkononi. Hata katekista aliiona. Nilitamani ardhi inimeze, si wewe uliyekuwa pale umekaa na macho ya watu.

Kabla hajafa mama alinishika mkono. Alikuachia maneno yako, baraka ya mtoto wake wa kwanza. Akaniambia, "Utamwekea mkono kichwani ndipo umwambie. Usimtumie kwenye simu. Simu haina mikono." Nikamwahidi. Hicho ndicho kilichonipeleka Dubai, kaka, wala si magorofa yenu.

Nilisafiri kwa mavuno mawili ya maharage na tiketi ya bei ya chini kabisa, ile ambayo hata maji ya kunywa humo ndani unanunua. Nilikuandikia mapema kwamba nakuja. Ukanijibu kwa kile kipicha cha dole gumba. Hukuuliza nitafikia wapi, nitakula nini. Basi nikuambie. Nililala kwenye chumba cha vitanda vya kupandiana, wanawake wanane, Wafilipino, Wahabeshi, na Mganda mmoja anaitwa Proscovia, ambaye alinipokea kana kwamba tumezaliwa nyumba moja. Unga nilibeba wangu, na dagaa wangu. Nilisonga ugali kwenye jiko lao la umeme, na mjini nilikula kwa macho.

Mji wenyewe ni mzuri, sitasema uongo. Hata kituo cha basi kina kiyoyozi, jamani! Lakini kila penye uzuri pana mtu mlangoni, na kila mtu wa mlangoni alianza kwa kuangalia viatu vyangu. Kwa hiyo nilizunguka sehemu za bure tu, nikatembea mpaka soli ikaachia. Siku ya kwanza niliingia kwenye treni nikasalimia behewa zima, kama mtu anavyopanda gari huku kwetu. Hakuna aliyeinua kichwa. Mzee mmoja nikampa shikamoo yake, akahama kiti. Nilipomsimulia Proscovia alicheka mpaka akakaa chini, akaniambia, "Hapa, dada, hata ukianguka wanakuruka."

Siku ya tatu nikaja kwako. Hoteli niliijua kwa picha zako. Nilivaa kitenge cha Pasaka, juu yake sweta, maana humo ndani mna baridi ya Mbulu ya mwezi wa saba. Begani nilikuwa na kiroba cha maharage niliyokuchagulia punje kwa punje. Nikakitua kwenye marumaru, nikasubiri.

Nikakuona. Hukudanganya, kweli wewe ni meneja. Nilitamani ungekuwa umedanganya! Ungekuwa unasukuma mizigo ya wageni, ningekukumbatia wewe na mizigo yako. Ulikuwa na suti ya kijivu, unacheka na Wazungu wawili. Ukageuka ukaniona, na ulinijua palepale, usinidanganye, ile sura naijua. Nikafungua mdomo nikuamkie. Ukaniwahi kwa Kiingereza, eti karibu madam, nikusaidie nini. Madam! Kisha ukainama kama unanisaidia kiroba, ukanena kwa Kiiraqw, sauti ya chini, "Toka nje, usiniaibishe kazini. Nisubiri kituoni, natoka saa tisa."

Lugha ya mama, Paskali. Miaka yote hiyo huizungumzi hata kwenye simu, halafu siku unayoikumbuka ni ya kunifukuzia mimi. Yule mwenye duka wa Mbulu alikuwa na adabu kuliko wewe. Yeye hakuwa ndugu yangu. Nikabeba kiroba changu nikatoka.

Na bado nilikusubiri, mjinga mimi. Saa tisa ikapita, saa kumi, saa kumi na moja. Nilikuwa nimeshakusamehe nusu nzima. Nikawa najiambia labda bosi wake alikuwa karibu, labda anatafuta ruhusa. Mkono wangu wa kulia niliuweka mapajani, nauangalia, narudia maneno ya mama nisije nikakosea. Ndipo ukaingia ujumbe wako: "Leo imebana dada. Tutaongea kwenye simu." Kesho yake nikapanda ndege. Maharage yako waliyala kina Proscovia, wakafuta mpaka sufuria.

Sasa shangazi amekuambia kuna maneno uliachiwa, na wewe umeamka. Kila Jumapili unanipigia. Unalia, unaniita mama mdogo, unaniambia mkeo ana mimba na unataka baraka ya mama kabla mtoto hajaja. Nikuambie ukweli? Nafurahi ukilia. Naweka spika, naendelea kupepeta mahindi yangu, nakuacha uongee mpaka salio likuishie. Nimeungama hilo kwa padri mara mbili na bado nafurahi.

Lakini usipige tena, maana huna unachotafuta. Mwanangu Fausta ndiye aliyekuwa akimwosha bibi yake, akimgeuza kitandani, akimlisha uji kwa kijiko, na yeye ni mtoto wa sekondari, ana masomo yake. Yeye hakubanwa na kazi. Juzi nimemwita jikoni, nikamketisha kwenye kigoda, nikamwekea mkono kichwani. Nikayasema yote, kama mama alivyoyasema, sikupunguza hata moja. Mahali penye jina lako nikaweka lake.

Nililia, sitakuficha. Sikujua mpaka nilipoyatamka kwa sauti jinsi yalivyokuwa mazuri. Mama hakuwa na kinyongo na wewe hata kidogo. Alikusamehe humo ndani, tena kwa kukutaja jina, bwawa la kuogelea na kila kitu, maana hiyo picha nayo aliiona. Nilijua ameiona na nikanyamaza. Alikuombea njia ya kurudi nyumbani. Ndiyo hayo. Mimi siye mama.

Nilipomaliza, Fausta aliinuka kwenye kigoda. Kisha akaniuliza polepole, "Mama, haya si yalikuwa ya mjomba?"

Nikamwambia, "Yalikuwa."

Kwaheri, kaka. Kazi njema.

Mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Martina