Kaburi la Babu Saleh

Jumanne jioni, Ikonge

Kaburi. Wazee wanataka kuona kaburi tu.

Asubuhi nimewaeleza tena kwamba Babu Saleh, baba wa babu yangu, alitoka Yemeni akiwa kijana mdogo, akawashonea watu nguo hapa mpaka rafiki yake akampa shamba hili. Chai hii aliipanda yeye. Hata mimi nilishika cherehani kwa sababu yake. Sasa mjukuu wa rafiki huyo anasema shamba liliazimwa tu.

Mzee wa kijiji aliniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi: "Mama Zuhura, huku mtu anazikwa kwake. Kama hapa ni kwake, mbona hamkumzika hapa?"

Kwa sababu Waislamu tunazikana pamoja, kule Kisii mjini. Na mwenyewe aliusia kaburi lake lisijengewe, awe sawa na wenzake.

Mchana nikaenda na baba huko makaburini kumtafuta Babu. Nyasi tupu. Baba akasimama huku, akasimama kule, mwisho akanishika mkono.

"Wasomee wote Fatiha, mwanangu. Yumo humo."

Nikawasomea wote. Kesho wazee wanakuja kupima mpaka, na mimi sina kaburi la kuwaonyesha, ila chai hii aliyoipanda.

Yumo humo, nitawaambia. Yumo humo.