Mabati ya Baba Mkwe

Mjukuu wangu Skola,

Huku Milepa tu wazima, na mahindi yangu yamewashinda majirani, kama kawaida. Umeuliza uwaambie nini mabosi wanaoona ulinzi wa kompyuta ni kupoteza pesa.

Nilipoolewa hapa, niliomba mabati ya kuzungushia miguu ya kihenge cha ulezi, panya wasipande. Baba mkwe akacheka: "Panya gani? Umewaona?"

Sikubishana. "Baba, wakija tuwaachie ulezi upi? Wa mbegu, au wa pombe ya harusi ya binti yako?"

Akavaa kofia, akaenda sokoni Muze kununua mabati.

Nawe waulize mabosi wako wapo tayari kupoteza kipi, kisha nyamaza. Harusini baba mkwe alijisifu kuwa mabati ni wazo lake. Nilimwongezea pombe.

Bibi yako mwenye akili