Kaburi Lako Bado Ni Jipya

Mama,

Nakuandikia kutoka nyumbani kwa mdogo wako, mama mdogo Feza, nimekaa kwenye kile kiti chako ulichokataza watu kukikalia. Unisamehe, ndicho pekee chenye miguu yote. Juzi nilivuka mto hadi Lubunga, nikapanda pikipiki mpaka huku, na vigingi vya mpaka viko kwenye mkoba karibu na mguu wangu. Leo lazima nivipigilie ardhini. Nimetafuta pa kukwepea, sijapaona.

Tangu uondoke nimepata kazi katika ofisi inayotunza mambo ya kale. Na kazi yangu ya kwanza, ungecheka, ni kijito chako. Napima na kuchora mabaki ya mgodi wa dhahabu wa Wabelgiji, ili yawekewe mpaka na kulindwa: ukuta wa nyumba ya mashine, lile gurudumu la chuma lililozama nusu kwenye matope, na mabirika ya saruji walimooshea mchanga. Yale yale tuliyolowekea mihogo. Ulinisimamisha ndani hadi magotini niigeuze, na mimi nikilia kwamba darasani watanikimbia. "Arufu haiue mutu," ulisema, wala hukugeuka kunitazama. Sasa birika lako lina namba kwenye mchoro wangu. Nililipima polepole kuliko mengine yote.

Mama mdogo na wenzake waliposikia naja mara ya kwanza, kupiga picha, waliyasugua mabirika kwa mchanga na majivu, wakaupaka ukuta chokaa, ili mtoto wao na wageni wake wasikute uchafu. Shefu wangu, mkubwa wa ofisi, alipoona picha alizirudia moja moja. Maandishi ya zamani yaliyokuwa ukutani yote yamekwenda. Mimi nilicheka hadi machozi, maana wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kushika brashi.

Kicheko kiliishia hapo. Huko juu ya kijito wameleta mashine za kuchimba dhahabu. Zinanguruma tangu asubuhi, maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, samaki hakuna tena. Na zinashuka kuja huku. Wenye mashine wakikuta shamba, wanaongea na mwenye shamba na kumpa kitu kidogo. Wakikuta kaburi, wanapita juu yake tu.

Ndani ya mpaka wangu mashine haziingii. Lakini ndani ya mpaka huo jembe nalo haliingii, wala kuloweka mihogo hakuna, wala mtu hapiti bila ruhusa, polisi watalinda. Wewe umelala kule kilimani, na kati yako na mabirika kuna shamba la mama mdogo, lote alilo nalo. Nikikuingiza wewe, nalimeza shamba lake. Nikiliacha shamba, nakuacha nje pamoja nalo. Usiku nalala na jambo hili, asubuhi naamka nalo.

Nilijaribu ujanja, mama. Nilimwomba shefu tuliandike kaburi lako pamoja na mabaki mengine, tulizungushie vigingi vyake peke yake. Hakunikaripia, ni mtu mwema. Alisema tu haiwezekani, kaburi bado ni jipya. Ungekufa wakati wa Wabelgiji leo ungekuwa na mlinzi. Nilitoka pale nikatembea hadi kwenye daraja la mto Tshopo bila kujua naenda wapi.

Jana nikamweleza mama mdogo yote, nikitumaini atasema mwingize dada yangu ndani ya mpaka, shamba litapatikana kwingine. Alikuwa anafunga kwanga, ile mikate ya mihogo, kwenye majani, hakuacha kufunga.

"Mutoto wangu," akasema, "mashine itasumbua mama yako mara moja. Polisi yenu itanisumbua kila siku."

Kisha akalia, yeye, na huku mikono inaendelea na kazi. Mabirika ameshayakatia tamaa, ataloweka kwenye mapipa. Shamba hawezi kuliacha. Nilimkasirikia, sikufichi. Nilimkasirikia kwa sababu amesema kile ambacho wewe mwenyewe ungesema, na sasa sina wa kumlaumu.

Nimeacha kalamu nikaenda, na sasa nimerudi. Vigingi viko ardhini, shamba linapoishia upande wa mabirika. Mama mdogo alinishikia upande mmoja wa kamba. Uko nje, mama. Mimi ndiye niliyekuacha nje, na jina langu litakuwa chini ya mchoro. Kila mtu ofisini atasema nimefanya kazi safi. Nami nitajibu nini? Nitasema asante.

Sasa nakuaga, maana pikipiki imefika na dereva hana subira. Pumzika kadiri utakavyoweza na hizo kelele. Nakuahidi jambo moja: siku mashine zitakapoufikia muhogo wa kwanza wa mama mdogo, nitakuja mimi mwenyewe, kabla hazijakufikia, nikutoe kaburini kwa mikono yangu. Hilo nitalifanya. Mahali pa kukulaza ndipo sina, mama. Chumba ninachopanga mjini, mtaa wa Tshopo, hakina ua, mlango wake unafungukia barabarani.

Binti yako,
Furaha