Samaki wa Juu ya Turubai

Mwalo wa Kalemela,
Busega.
Jumatano asubuhi.

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na mwangaluka kwa wote hapo nyumbani. Naomba barua hii ikukute mzima, na macho yako yasiwe yamezidi kufifia. Naye mama, Mayu wetu, mgongo unamwendeaje? Mwambie dawa ya kuchua nimeipata, Justina muuza dagaa atamletea pamoja na barua hii. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa, na kwa simu nimejaribu mara tatu nikaishia kukuuliza habari za mvua.

Hapa mwaloni hali ni mbaya, Baba. Mitumbwi inarudi mitupu, na hao sangara wachache wanaopatikana wanaenea kiganjani. Mzee Muksini, yule mwenye mitumbwi aliyekufungia sato ulipokuja kunitembelea, ameuza injini. Nahodha wake, Januarius, amerudi kwao Mwamanyili kulima mpunga. Alipokuja kuniaga aliniuliza samaki ninaowaandika kila mwezi wanaishi ziwa gani.

Kazi yangu unaijua, maana umeisimulia kijiji kizima. Watafiti wa samaki walinipa ubao wa kupimia na sharti moja: nitumbukize mkono mtumbwini, nitoe samaki thelathini bila kuchagua, niandike urefu wao. Asubuhi ya kwanza nilikuta Mzee Muksini amefunika mtumbwi kwa turubai, na juu yake amepanga samaki thelathini waliooshwa, wakubwa watupu. Alisema hajawahi kumpa mgeni samaki mchanga na hataanza uzeeni. Kuingiza mkono chini ya lile turubai mbele ya vijana wake kungekuwa kumpekua kama mwizi. Nasi tumelelewa kupokea kwa mikono miwili, hatuchungulii sufuria ya mtu. Basi nikapima nilichopewa, nikashukuru. Wenye mitumbwi wengine nao hawakukubali kupitwa kwa heshima, kila mmoja akaja na turubai lake.

Vipimo hivyo ndivyo vilivyozaa ile karatasi ya watafiti niliyokuja nayo Noeli. Nilikusomea kwamba sangara wa ghuba yetu wanakua vizuri, hakuna haja ya kuifunga ili wazaliane. Ulifurahi mpaka ukawaita majirani nisome tena. Hapo hapo ukasema pamba imekuchosha, utauza maksai wote wawili umnunulie mdogo wangu Sayi mtumbwi na nyavu. Sasa Mayu ananiambia mnada ni Jumamosi hii.

Mwezi uliopita mtafiti alikuja mwenyewe, akatumbukiza mkono. Kati ya samaki thelathini, ishirini na wanane walikuwa hawajafikia umri wa kutaga. Akaniuliza kama nilikuwa najua, nikamwambia sikujua.

Nilimdanganya, Baba. Nilijua tangu mwezi wa pili wa kazi. Kalamu iliniponyoka ikaingia chini ya turubai, nikainua pembe, nikawaona wachanga wamejaa mtumbwi mzima. Nikaishusha ile pembe. Nimeendelea hivyo miaka miwili, kwa sababu nilipenda kuitwa mtaalamu, na nilipenda ule mfuko wa samaki waliokuwa wakinifungia nikiondoka. Hata siku ile ya Noeli, mbele ya majirani, nilijua ninachokusomea. Naona aibu hata kuandika jina langu. Ghuba imekwisha, na sioni wa kuirudisha.

Lakini maksai bado wako zizini. Usiwauze, Baba, nakuomba. Ziwa hili halina cha kumpa Sayi, na bila maksai hamtalima pamba wala mahindi.

Sayi, mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea, maana hapo nyumbani hakuna mwingine ajuaye kusoma. Najua mtumbwi huo umeshauota mpaka jina umeupa. Unaweza kumsomea salamu na habari za dawa, ukakunja karatasi, naye asijue kabisa. Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi kwa miaka miwili. Kama kuna mahali umeruka, rudi juu umsomee yote.

Nisalimieni Mayu, na majirani wote walioisikia ile karatasi.

Mimi mwanao,
Kija