Mchuzi wa Matawi Sita

Mwaka umekatika leo, Baba, tangu uanguke jikoni, tawi la tano la mgahawa wetu, ukimfokea mpishi kwa sababu ya chumvi. Mpishi hajambo. Bado yupo.

Kwa wageni ulikuwa mkarimu, hilo hata wabaya wako wanakubali. Mtu aje na suti, aje na kandambili, ulimvutia kiti mwenyewe, ukamtandikia kitambaa cheupe mapajani kama mtoto. Sisi wa nyumbani ukarimu huo tuliusikia kwa watu.

Mlianza na meza saba na sufuria ya Mama. Watu walifuata mchuzi wake, wewe kazi yako ilikuwa kupokea makoti. Ulipotaka tawi la pili ukasema, "Ladha haiwezi kukaa mkononi mwa mtu mmoja." Ukaleta mizani. Mama akichota chumvi, unamdaka mkono, "Ngoja kwanza," unaimwaga kwenye mizani, mpishi mpya anaandika. Wiki tatu hivyo, mbele ya wafanyakazi wote. Ndipo wakakubatiza Mzee Mizani. Kama hukujua, basi jua leo.

Karatasi ilipokamilika ukamwambia, "Mke wangu, sasa pumzika." Mapumziko yenyewe yalikuwa kukunja vitambaa stoo, miaka kumi na moja. Siku moja akaingia jikoni kuonja, ukamuuliza, "Mama watoto, umepotea njia?" Jiko zima likacheka. Na mimi nikacheka, nilikuwa mdogo.

Matawi yakafika sita. Taa nzuri, viti vya ngozi, picha yako kila mlango. Kuchapa kazi ulichapa, hatukunyimi haki yako.

Sasa habari za huku. Wateja wanaacha nusu sahani. Mmoja, wa tangu zile meza saba, alimwambia Dada, "Mchuzi wenu una kila kitu, ila hauna mwenyewe." Tawi la sita tumefunga. La nne linapumulia mashine.

Mwezi uliopita Dada alipiga magoti stoo. "Mama, karatasi tunaifuata neno kwa neno. Tunakosea wapi?"

Mama hakuacha kukunja. "Kuna kitu nilikuwa nafanya baba yenu akishatoka jikoni."

"Kitu gani?"

"Hakuwahi kuuliza."

"Basi sisi tunauliza, Mama."

"Mwenye migahawa ni baba yenu, mwanangu. Kamuulizeni yeye."

Hakuwa anatania. Tumembembeleza, tumemletea shangazi, tumemletea mpaka mwanasheria. Anawakaribisha chai, wanarudi na chai tumboni.

Jumamosi tulikuja kaburini kwako kupalilia. Yeye alibaki kwenye gari, vioo juu.

Tunaokukumbuka ni Dada wa tawi la kwanza, Kaka wa lile la sita lililofungwa, shangazi, wapishi wako wote, na mimi kitinda mimba. Mama amesoma haya, akasema jina lake tusiliweke.

Hatutakusahau, Baba. Mama amesema tuandike kwamba hata yeye hatasahau.