Waliponiita Kulwa Huku Ukerewe

Ukerewe,
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Mwangaluka mayu, na shikamoo. Najua mdogo wetu Shija atakusomea barua hii jioni akitoka kazini, lakini mimi kila nikikukumbuka nakuona asubuhi, umekaa kwenye kigoda uani unachambua mchele, kwa hiyo salamu yangu iwe ya asubuhi tu. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyoituma unaitumia, au umeifungia kabatini kama kawaida yako? Mimi ni mzima. Nafundisha, nakula, na siku hizi nalala. Hilo la kulala utalielewa ukifika mbele.

Nimeamua kuandika kwa sababu sisi wawili tunajua simu zetu zimekuwaje tangu msiba. Nikisema tu "haloo mama", unanyamaza, halafu namsikia Shija akiichukua simu kutoka mkononi mwako. Sikulaumu. Sauti yangu na ya Doto ilikuwa moja, hata marehemu baba alikuwa akituchanganya tukiwa chumba cha pili. Nikaona bora karatasi.

Kisiwa hiki, mama, kinaweza kukufanya uote huku umesimama. Asubuhi nikienda shule ukungu unakuwa umelala juu ya ziwa, na mitumbwi inaonekana kama imening'inia hewani. Majabali yamejaa kila mahali, makubwa kama nyumba, mengine yamebebana, na juu yake ndege weusi wa ziwani wanakaa wamekunjua mabawa yao yakauke. Michungwa inapochanua harufu inaingia hadi darasani, na watoto wa kidato cha pili wanasinzia mbele yangu nami sina moyo wa kuwaamsha. Kuna siku wale wadudu wadogo wa majini wanapanda kutoka ziwani kama moshi mrefu, unasogea polepole, na kila mtu anafunga dirisha. Miezi ya kwanza niliyaona haya yote kama mtu anayetazama picha ukutani. Nilikuwepo, na sikuwepo.

Kuna jambo sikukueleza. Nilipofika hapa nilijitambulisha kwa jina la ubatizo. Mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wanafunzi, hata mama anayeniuzia samaki, wote walinijua kama Veronika. Wewe unajua kwa nini. Kwetu mtu akisikia unaitwa Kulwa, hawezi kupita hivi hivi. Lazima aulize, "Na Doto yuko wapi?" Na anauliza akicheka, kwa sababu mapacha wanafurahisha watu. Pale Igoma, kwenye duka la Doto la kushonea, hata baada ya mazishi wateja waliendelea kuniuliza hivyo wakiwa na vitambaa mikononi. Ndiyo maana niliomba uhamisho, mama. Nilitafuta mahali ambapo hakuna atakayeniuliza.

Ninaishi nyumba moja na mwalimu mwenzangu, Modesta, Mhaya wa Muleba, anayefundisha Jiografia. Ni mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi. Alikuwa ananisikia usiku nikizungukazunguka sebuleni. Hakuuliza kitu, ila Jumamosi moja alinigongea mlango akasema, "Dada Vero, vaa nguo unayoweza kukalia chini. Twende kwa Mama Perpetua."

Mama Perpetua ni Mkerewe, muuguzi mstaafu. Ana nyumba ufukweni, na mbele yake kuna jabali pana lililo tambarare kama sakafu. Hapo kila Jumamosi anaendesha warsha. Mara nyingine wanakuja wageni kutoka Mwanza, hata Wazungu, lakini wengi ni kina mama wa hapa hapa. Mnaanza na mazoezi ya kunyoosha mwili na kupumua, kisha mnasuka mikeka ya ukindu, na mwisho ni nyimbo na ngoma. Mimi nilidhani ni mambo ya watu wenye nafasi. Kulala juu ya mkeka na kufundishwa kupumua! Nilimwambia Modesta njiani kwamba kupumua nilishajifunza tangu nizaliwe. Akacheka peke yake.

Basi tukalala chali juu ya mikeka. Jabali lilikuwa na joto la jua la asubuhi. Mama Perpetua alikuwa anapita katikati yetu bila viatu, anasema kwa sauti ya chini, "Vuta taratibu. Usiishike. Iache iende." Maji yalikuwa yanagonga mawe hapo chini, yanarudi, yanagonga tena. Sikumbuki kilichofuata. Nilipofumbua macho jua lilikuwa utosini, wenzangu walikuwa wanasuka na kuongea kwa kunong'ona, na mtu alikuwa amenifunika kanga. Nilikuwa nimelala, mama, usingizi wa kweli ambao sikuupata tangu tulipomzika Doto. Nilitaka kuomba radhi. Mama Perpetua akanikatiza: "Umefanya zoezi kuliko wote. Njoo ule muhogo."

Tangu siku hiyo sikukosa. Ususi ulinishinda mwanzoni, vidole vyangu vimezoea chaki, na mkeka wangu wa kwanza ulikuwa umepinda hadi kina mama wakauliza kama ni wa kulalia au wa kutegea samaki. Lakini nilipenda kukaa pale. Mikono inafanya kazi, macho yanatazama ziwa, saa zinapita bila kukusumbua. Jambo moja tu lilinishinda. Kwenye nyimbo, kila mtu alikuwa analeta wimbo wa kwao na kuwafundisha wengine. Modesta alileta wa Kihaya, mama mmoja Mjita akaleta wa kuvuta nyavu. Zamu yangu ilipofika nikasema sijui wimbo wowote. Mama Perpetua alinitazama kidogo, akasema, "Haya. Zamu ipo, haikimbii."

Sasa ndiyo nafika kwenye habari yenyewe.

Jumamosi kabla ya hii ya jana Mama Perpetua alialika wapiga ngoma wa Kisukuma kutoka ng'ambo waje kutufundisha. Sikuambiwa mapema. Nilifika nikakuta ngoma zimepangwa juani zikikaushwa ngozi, na mzee mmoja mfupi, mapengo mdomoni, amevaa kengele miguuni, anawachekesha kina mama. Nikamwamkia kama nilivyowaamkia wengine. Akaitikia marahaba, kisha akaninyooshea fimbo ya ngoma.

"Subiri. Wewe si wa Bujora? Wewe si wa mama mapacha, kule njia ya kisimani? Sura ni yake kabisa!"

Nilitaka kukana. Lakini alishawageukia wengine.

"Ndiye huyu!" akawaambia wote kwa furaha. "Huyu ni Kulwa. Au wewe ndiye Doto? Mimi hamjawahi kunipa nafasi ya kuwatofautisha! Mwenzako yuko wapi?"

Ni Maduhu, mama. Yule mpiga ngoma aliyehamia Magu sisi tukiwa bado shule ya msingi. Hakuwa na habari yoyote. Modesta alikuwa amenigeukia, mdomo wazi. Kina mama waliacha kusuka wakanitazama. Nilitazama njia ya kurudi nyumbani, na ilikuwa wazi, hakuna ambaye angenizuia.

Nikasema, "Mimi ni Kulwa. Doto alifariki, mzee. Aliugua kifua, akafariki."

Sikuwahi kulisema kwa mdomo wangu. Kwenye msiba ni Shija aliyewaambia watu, kwenye barua ya uhamisho niliandika "matatizo ya kifamilia". Nilibaki nimesimama. Maduhu ndiye aliyekaa chini. Alikaa pale pale juu ya jabali, akaanza kufungua kengele zake mguu mmoja baada ya mwingine, na machozi yanamtoka waziwazi kama mtoto.

Baadaye nilikaa karibu naye. Akaniambia kwamba yeye ndiye aliyepiga ngoma siku tulipotolewa nje na kupewa majina. Alisema mvua ilinyesha katikati ya sherehe, watu wakakimbilia ndani, ila wewe ukabaki uani na wanao wote wawili, mmoja mgongoni na mwingine kifuani, ukacheza kwenye matope. Shangazi alikuwa anakufokea kwamba utawaua watoto kwa baridi, nawe ukawa unacheka tu. Maduhu akaona aibu kumwacha mama mzazi acheze bila ngoma, akarudi kwenye mvua akapiga hadi ngozi ikalegea.

Mama, miaka yote hii hukuwahi kutusimulia! Nimekujua mtu wa misa na shamba, mtu wa kusema "tulieni". Nilijaribu kukuona unacheza kwenye mvua, na nikakuona kabisa, pamoja na matope kwenye nguo yako.

Kisha Maduhu akauliza kama nitamruhusu aupige ule wimbo. Unaujua vizuri kuliko mimi: mmoja anaita kwamba Kulwa ameshafika, na mwingine anaitikia kwamba Doto yuko njiani nyuma yake. Mimi na Doto tuliuimba tukichota maji, tukiosha vyombo, tukigombana hata. Mimi naita, yeye anaitika. Nikamwambia Mama Perpetua, "Ile zamu yangu, naomba niichukue leo."

Nikasimama, nikaita. Halafu pakaja ile nafasi ya Doto, ikawa tupu, na ngoma inapita chini yake. Niliisikiliza ile nafasi. Nikaita tena. Hapo Modesta, ambaye Kisukuma chake hakizidi salamu, akaitikia kwa maneno yaliyovunjika vunjika. Akafuata yule mama Mjita. Kisha wote wakaitikia, Wakerewe, Wajita, na msichana mmoja Mzungu aliyekuwa haelewi kitu ila analia. Doto yuko njiani, Doto yuko njiani. Tuliimba hadi ukungu wa jioni ukaanza kuingia, na kuna wakati nilifumba macho na sikujua tena niko kisiwani au niko uani kwetu, na sikujali kujua.

Usidhani kila kitu kimekuwa sawa. Juzi niliona gauni la rangi ileile aliyoipenda Doto limeanikwa kwa jirani, nikarudi ndani kukaa. Modesta naye alininunia siku nzima. "Tunakula sahani moja, unaazima hadi viatu vyangu, kumbe sijui jina lako!" Nilimpikia michembe ya viazi vikavu na karanga ndipo akalainika. Sasa ananiita Kurwa, kwa ile r yao, na hataki kusahihishwa. Shuleni pia nimewaambia. Mwanafunzi mmoja akauliza Doto yuko wapi, nikamjibu, tukaendelea na somo.

Shija ananiambia umeacha kwenda jumuiya, na kwamba wanawake wakija kukuona unajifanya umelala. Sitakuhubiria. Naomba kitu kimoja tu. Tangu msiba hujaniita jina langu, unaniita "mwanangu", nami nakuelewa, kwa sababu ukianza na Kulwa mdomo wako umezoea kumalizia na Doto. Umalizie, mama. Uyaseme yote mawili hata kama utalia. Shule zikifungwa ninakuja, tutalia pamoja, na nitakuletea machungwa.

Msalimie sana Shija anayekusomea, mwambie asiruke mistari akiona inamuumiza. Msalimie shangazi aliyekufokea kwenye mvua, jirani yetu anayekuchotea maji, na mjomba wa Buhongwa pamoja na mkewe. Katekista mwambie natuma asante kwa sala zake. Mama Perpetua na Modesta wanakuamkia, na wamesema ukiweza kuvuka maji, mkeka wako upo.

Kuna kitu Maduhu alishindwa kunijibu. Nilimuuliza siku ile ya mvua nani alikuwa mgongoni na nani kifuani. Akakuna kichwa, akasema hilo analijua mama yenu peke yake. Nami nataka kulijua, mayu. Usimwambie Shija aniandikie. Nitalisubiri kutoka mdomoni mwako.

Wabeja sana, asante mayu.

Mwanao,
Kulwa