Bawasiri Yangu Kwenye Grupu la Kwaya

Jumamosi usiku

Na bado kesho nitaimba nikiwa mstari wa mbele, mbele ya usharika mzima unaojua kwa nini siku hizi nakaa kwa kuegemea upande mmoja.

Shangazi ndiye aliyenianika. Asubuhi aliandika kwenye grupu la kwaya: "Wapendwa, tumwombee Neema, bawasiri inamsumbua, Jumatatu anafanyiwa upasuaji." Akaweka na namba yangu ya simu, eti nifarijiwe.

Nikatoka Kimandolu mpaka kwake Ngarenaro hata chai sijanywa. Baada ya shikamoo nikamweleza kwamba nchi hii ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, na ugonjwa wa mtu hautangazwi bila ridhaa yake.

"Mwanangu, mimi sijatangaza, nimekuombea," akasema. "Nisipotaja jina wala ugonjwa, Mungu atajuaje pa kugusa?"

Nikaiweka sheria kando, nikamwomba tu afute.

Akakubali. Kufika nyumbani nikakuta ameandika: "Samahanini wapendwa, nimefuta ile habari ya bawasiri ya Neema, kisheria ni siri." Waliokuwa hawajaiona ile ya kwanza wakaanza kunipigia. Mwalimu wa kwaya ameniagiza nile mapapai.

Nacheka, lakini kisu nakiogopa kweli. Na wa kunishika mkono Jumatatu simtaki mwingine, namtaka shangazi. Nimempigia sasa hivi, nikamwomba jambo moja tu, simu aiache nyumbani.

"Sawa mama," akasema. "Sasa picha tutapiga na nini?"